Kifaru Yupo

Fundi makochi alikuwa na miaka arobaini na minne, mchumba mmoja, na kikwazo kimoja: shangazi wa mchumba, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, aliyemlea binti yule tangu hajajua kufuta kamasi. Shangazi akisema olewa, utaolewa. Akikataa, hata umpigie tarumbeta, amekataa.

Sasa alikuwa anakuja mjini kumkagua bwana harusi. Kumkaribisha karakanani, katikati ya sufi na gundi, fundi aliona ni kujichongea. Akaamua kumtembeza kwenye bustani kongwe. Akampigia simu: "Shangazi, kifaru yupo pale, mkubwa kama nyumba. Utamwona kwa macho yako!"

Wakakutana mbele ya posta ya zamani. Shangazi kavaa raba, kabeba kikapu chenye kabichi mbili. Fundi hakuuliza, mgeni hahojiwi mzigo wake. Akamwonyesha saa ya mnarani, iliyosimama saa nne na robo tangu yeye hajazaliwa.

"Kuna watu wanaifuata?"

"Wanaopenda kuchelewa, shangazi."

Shangazi akatabasamu kidogo. Wakapita stesheni iliyogeuzwa benki, wakafika kwenye chemchemi ya samaki wanne wa shaba. Watatu wakavu, wa nne akidondosha tone mojamoja.

"Huyu ana mafua," akasema shangazi, na moyo wa fundi ukaanza kujishonea suti.

Bustanini, chini ya mivinje, juu ya jukwaa la mawe, lilikaa dude la chuma la vita vya zamani, mzinga wake umeelekea choo cha umma. Shangazi akalizunguka mara mbili.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Kifaru!"

"Si hiki hapa?"

"Hiki?" Shangazi akatua kikapu. "Ulisema yupo, mkubwa, utamwona. Chuma ni kipo! Kikubwa! Utakiona! Nimebeba kabichi tangu stendi, namletea mnyama!"

Jasho likamtoka fundi mpaka kwenye kope. "Shangazi, mimi shule nilisoma vipandevipande. Ngeli zilinipita nikiwa na surua."

"Surua haichukui mwaka mzima! Umenidanganya. Na mwanangu je, umemwambia una ng'ombe? Asije akakuta ni picha ukutani!"

Akakunja sketi, akaanza kulipanda lile dude ahakikishe kama hata hicho kifaru ni cha kweli.

"Shangazi, bango! Marufuku kupanda!"

"Kupanda nini? Halijasema. Mimi sina mbegu." Akazama kwenye tundu la juu mpaka kiunoni. "Loo! Kuna kiti humu. Kimechanika vibaya."

"Kimechanikia kwenye mshono au katikati?" Fundi naye huyo, kapanda bila kujijua.

Firimbi ikalia. Mlinzi wa bustani akaja mbio, kofia mkononi.

"Nani kaanza?"

Shangazi akajikunyata tunduni, kichwa kikichungulia kama cha kobe. Ualimu wote ulimtoka.

"Mimi," akasema fundi. "Nilimlazimisha."

"Umemlazimisha mama wa watu apande huku? Vipi?"

"Nilim... nilimbeba mgongoni."

Mlinzi akamtazama fundi, mwembamba kama ufagio, akamtazama shangazi, akauma midomo asicheke. "Ninyi, nje! Nisiwaone hapa mwaka huu."

Akawasindikiza mpaka getini, shangazi na kikapu chake. Huko shangazi akatoa simu, akampigia binti, huku fundi akisikiliza hukumu yake.

"Mwanangu? Huyu bwana wako ni mwongo... Ndiyo, nimemsikia kwa masikio yangu... Ngoja, usilie! Anadanganya vibaya mno, hata mlinzi kamhurumia. Mtu kama huyu hataweza kukuficha kitu mpaka mzeeke. Olewa naye."

Fundi akampokea kikapu cha kabichi bila kuombwa.