Jibu Nililompa Mkaguzi

Mkaguzi aliponiuliza kama kifua kinanisumbua, mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti la kazi, umeshika inhela ya bluu, kichupa cha dawa ya kuvuta, kwa nguvu hadi kiganja kikalowa jasho. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye daftari alilolifunika kwa nailoni kwa sababu ya mvua zetu za Tukuyu. Nyuma yake alisimama Jacob, msimamizi wa chumba chetu kiwandani, amekunja mikono kifuani. Mashine zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya ugeni. Sakafu ilikuwa imepigwa deki tangu alfajiri, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka miwili niliyofanya kazi pale.

"Sina tatizo lolote," nilisema.

Kushoto kwangu, mfanyakazi mwenzangu Esnath aligeuza shingo akanitazama.

Hiyo ilikuwa Juni, miaka minne iliyopita. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na ni Esnath peke yake, kati ya wote waliokuwa mle ndani, aliyejua kwamba nimesema uongo.

Pumu nimekua nayo. Nilizaliwa Kiwira, kando ya barabara ya Mbeya, ambako mama yangu huwauzia ndizi abiria wa mabasi. Kumbukumbu yangu ya kwanza ni ya mgongo wake: nimebebwa kuelekea zahanati, shavu langu kwenye shingo yake, nikisikia pumzi zangu zikipiga mluzi na zake zikihema kwa kupanda mlima. Shuleni wenzangu walipokimbia mchakamchaka, mimi nililinda sweta zao. Hakuna aliyenicheka sana, lakini nilijifunza mapema kwamba mtu akishajua huwezi kupumua, hakuangalii tena vilevile. Kwa hiyo nilipopata kazi katika kiwanda kimoja cha chai bondeni, kazi ya mkataba, yenye kitambulisho chenye picha na jina langu Atuganile limeandikwa kwa herufi kubwa, sikumwambia mtu. Nilipanga chumba mtaa wa Msasani, hapohapo Tukuyu, nikanunua kitanda na jiko la gesi, nikajiona nimekuwa mtu mzima.

Waliniweka chumba cha kuchekechea. Chai ikitoka kukaushwa huja pale nyeusi, nyepesi, na mashine huitikisa ili kutenganisha chembe kubwa na ndogo. Vumbi lake hupanda na kukaa hewani, rangi ya kahawia, kama moshi ambao moto wake hauuoni. Liliingia kwenye kope, kwenye mishono ya nguo, kwenye chakula. Nikipenga kamasi jioni, kitambaa kilikuwa cheusi. Na lilinukia vizuri. Sijawahi kuchukia harufu nzuri kama nilivyoichukia ile.

Kilichonishangaza ni kwamba siku niliyodhani nakufa hakukuwa na vumbi hata kidogo. Ilikuwa Jumapili mchana. Nilikuwa nje ya chumba changu nafua, jua limetoka baada ya siku nyingi za ukungu, jirani anaimba. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio kama mtu anayefukuzwa. Vidole vikafa ganzi, midomo ikafa ganzi, na hewa, ingawa ilikuwa imejaa kila mahali, ikakataa kunitosha. Nilivuta dawa mara sita. Moyo ukazidi. Nilikaa chini kwenye maji ya sabuni nikimngoja Mungu.

Sikufa. Lakini tangu siku hiyo niliogopa kitu kipya: niliogopa kuogopa. Kanisani nilihamia benchi la karibu na mlango. Kwenye kwaya nikaacha kuimba beti za mwimbaji mmoja. Rafiki yangu Neema alipoolewa, sikwenda kwenye sherehe, kwa sababu ukumbi ulikuwa ghorofani na nilifikiria ngazi zile wiki nzima. Nilitembea na inhela mbili, moja mfukoni na moja kwenye pochi, na bado nikiwa njiani nilizipapasa zote kila baada ya hatua chache.

Saada, dada mwenye duka la dawa karibu na stendi, ndiye aliyenisimamisha.

"Mdogo wangu," alisema, akiwa bado ameishikilia dawa niliyotaka kununua, "hii ni ya tatu mwezi huu. Sikuuzii mpaka ukamwone daktari. Na ukirudi na hasira, mimi nipo hapahapa."

Nilikwenda na hasira zangu. Daktari alinisikiliza muda mrefu, kifua kwanza, kisha maneno. Alisema nina vitu viwili, si kimoja. Kuna pumu, na kuna hofu, na vikija vinafanana kama mapacha. Alinipa inhela ya kahawia ya kutumia kila asubuhi na jioni hata nikijisikia mzima. Alinipa pia kifaa cha plastiki cha kupuliza, chenye mshale mdogo unaosukumwa na pumzi.

"Ukibanwa, puliza hapa kabla ya kitu kingine," alisema. "Mshale ukifika karibu na mia nne kama leo, hiyo ni hofu. Kaa chini, toa pumzi polepole, itapita. Ukishindwa kufika mia mbili na hamsini, hiyo ni pumu. Vuta dawa, uje hapa, usibishane na nafsi yako." Kisha akauliza: "Kazi unafanya wapi?" Nilipomwambia, aliweka kalamu chini.

Nilianza kuandika namba zangu kwenye daftari la shule. Jumatatu mshale ulianza juu, ukashuka siku baada ya siku, hadi Jumamosi ukawa chini kabisa. Jumapili ulipanda. Sikuhitaji elimu kubwa kulisoma daftari lile.

Esnath alinikuta msalani nikivuta dawa. Alikuwa mama kutoka Isongole, miaka arobaini na kitu, mwenye miaka kumi na mmoja katika chumba kile. Hakuwahi kuwa na pumu maishani mwake, lakini kwa miaka mitatu alikuwa akikohoa kikohozi kisichosikia dawa, na usiku alilala ameegemea ukuta. Aliitazama inhela, akanitazama, akafunga mlango nyuma yake.

"Na wewe?" alisema tu.

Baada ya hapo tulikula pamoja kila mchana. Tulihesabu waliokuwa wakikohoa mle ndani: tulifika watano kati ya kumi na mmoja. Tuliposikia mkaguzi wa usalama kazini anakuja, Esnath ndiye aliyepanga. "Nikisema peke yangu wataniita mvivu. Tukisema wawili, wengine nao watafungua midomo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, dada."

Siku moja kabla ya ukaguzi Jacob alitukusanya. Alisema kwa sauti ya huruma kwamba mwenye kifua kibovu asiogope kusema, atatafutiwa kazi ya nje. Kila mtu alijua kazi ya nje ni nini: kibarua cha kuchuma, leo upo, kesho haupo. Nilimfikiria mama, ambaye aliwaonyesha wateja wake picha ya kitambulisho changu kwenye simu.

Basi mkaguzi akaja, akasimama mbele yangu, akauliza. Nilihisi kubanwa kukipanda kutoka magotini, masikio yakaziba, vidole vikaanza kufa ganzi, na sikujua ni pacha yupi. Nilichojua ni kwamba nikisema "ndiyo" nitaanguka mbele ya wote. Nikasema sina tatizo.

Akasogea kwa Esnath.

"Mimi kinanisumbua," Esnath alisema. "Na siko peke yangu."

"Nani mwingine?"

Maji yalikuwa yakidondoka mahali fulani kwenye mabati. Esnath angeweza kuninyooshea kidole, kwa kuwa nilikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Aliitazama sakafu ile safi.

"Basi," alisema. "Andika mimi peke yangu."

Agosti mkataba wake uliisha na haukuendelezwa. Siku ya mwisho aliosha kikombe chake, akakifunga ndani ya kanga, akazunguka chumba kizima kuaga. Aliniaga na mimi, kwa kunishika mkono, kama alivyowaaga wengine wote. Ningefurahi zaidi kama angenipita.

Wiki tatu baadaye nilibanwa nikiwa kazini, asubuhi, katikati ya vumbi. Kifaa nilikuwa nimekiacha nyumbani. Nilijiambia ni hofu, kwa sababu tangu Esnath aondoke nilikuwa nayo kila siku na niliiona ni adhabu yangu. Nikakaa juu ya magunia nikitoa pumzi polepole kama nilivyofundishwa, nikihesabu, nikijilaumu kwa udhaifu, huku kifua kikiendelea kufunga milango yake mmoja mmoja. Wenzangu wanasema nilikuwa na rangi ya majivu. Amoni, fundi wa mashine, alinibeba hadi kwenye gari. Nilipozinduka nilikuwa hospitali, nina oksijeni puani, na mama amekaa kando ya kitanda, mkono wake juu ya mguu wangu.

Nililazwa siku nne. Nilikuwa na muda wa kufikiri, na kila nilipofikiri nilifika kwenye sakafu ile ile iliyopigwa deki.

Nilipopata nguvu nilichukua bodaboda hadi Isongole. Esnath alikuwa shambani anachimba viazi, ameinama, baridi ya milimani imemfanya afunge kitambaa mdomoni. Nilimsalimu. Aliitikia, akanionyesha ndoo iliyopinduliwa.

"Kaa hapo. Nimesikia ulilazwa. Usiguse jembe."

Nilikaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Tukuyu, lakini yalitoka ovyo. "Nimekuja kukuomba msamaha, dada Esnath. Niliogopa."

Aliendelea kuchimba. Alichimba mashina mawili, akaokota viazi, akavifuta udongo kimoja kimoja.

"Nilikuona," alisema. "Mkono wako ulikuwa mfukoni. Nilijua umeshika nini."

"Niliogopa sana."

"Mimi je, sikuogopa?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama anayetaka kweli kujua jibu. Alinyooka, akashika kiuno, akakohoa kikohozi kile kile.

"Msamaha nakupa, mwanangu. Nitaukalia wa nini? Lakini mle ndani wamebaki watu. Usije kwangu tu."

Alinipikia viazi na maharage. Tulikula tukizungumza habari za mvua na za mwanawe aliyeko chuo. Nilipoondoka alisema, "Ndaga," kama mtu anayemshukuru mgeni yeyote.

Ofisi ya mkaguzi iko Mbeya. Niliwasili nikiwa na daftari langu, barua ya daktari, na inhela zote mbili. Alinikumbuka.

"Wewe ulisema huna tatizo."

"Nilisema uongo, baba. Na aliyesema ukweli amepoteza kazi."

Akafungua faili, akaanza kuniuliza: tangu lini, mashine ngapi, barakoa za aina gani, madirisha mangapi. Kwenye swali la tano au la sita, hali ile ikaja. Moyo, vidole, midomo. Kuta zikasogea. Niliomba ruhusa nikatoka hadi barazani, nikasimama kati ya watu waliokuwa wakingoja zamu zao, nikatoa kifaa kwenye pochi mbele ya macho yao, nikapuliza.

Mia tatu na sitini.

Kwa hiyo ni wewe, niliiambia hofu moyoni. Nilikaa kwenye ngazi, nikatoa pumzi polepole, mara kumi, mara ishirini. Mwanamke mmoja alisogeza mkoba wake ili nipate nafasi ya kuegemea. Haikuondoka yote. Ilipungua kiasi cha kuniruhusu kusimama, nami nikaona hicho kinatosha. Nilirudi ndani. Mkaguzi alikuwa bado ameshika kalamu.

"Tuendelee?" aliuliza.

Tuliendelea kwa saa mbili.

Safari iliyofuata mkaguzi alikuja na wahudumu wa afya bila taarifa, mashine zikiwa zinafanya kazi, na wakapima vifua vya watu wote wa chumba kile. Watatu tulikutwa na pumu. Tulihamishiwa sehemu ya kufungashia, mkataba ule ule. Mwezi Februari yakafungwa mabomba makubwa ya kunyonya vumbi. Esnath hakurudishwa; barua ilisema mkataba wake uliisha kihalali, na labda kwenye karatasi ni kweli. Jacob hakunisemesha tena hadi nilipoacha kazi mwaka uliofuata.

Sasa mimi ni karani katika chama cha wakulima wa maparachichi, kwenye ofisi yenye madirisha pande mbili. Pumu ninayo. Hofu ninayo pia. Mwezi uliopita ilinikuta benki, nikatoka kwenye foleni, nikapuliza, nikarudi nikapanga foleni upya mwishoni. Wengine walinitazama. Niliwaacha wanitazame.

Siku mabomba yalipowashwa kwa mara ya kwanza nilitoka nje ya kiwanda nikampigia Esnath simu. Nilimwambia kwamba kutoka mlangoni mwa chumba kile sasa unaweza kuona ukuta wa upande wa pili. Nilimwambia kwamba yule mama Ikupa wa chumba chetu, aliyekuwa akikohoa hadi machozi, ameshinda bila kukohoa.

Nilisikia upepo wa Isongole ukipita kwenye simu yake, na nyuma ya upepo, pumzi zake.

"Ni vizuri," alisema. "Msalimu Ikupa."

Nilitaka kusema zaidi. Lakini aliniambia mvua inakuja na nguo zake ziko nje, akakata.