Baba Mbele ya Kioo

Nyumbani walimwita Penseli tangu utotoni, na jina likamganda hata alipokuwa mwanamke mzima anayechora vitabu vya shule kwa kazi: tembo wa herufi T, mwavuli wa herufi M. Kazi ile ilimlisha, lakini moyo wake ulibaki na njaa. Alitaka kitabu chake mwenyewe, cha picha tupu bila maneno, kuhusu baba yake, fundi cherehani aliyewahi kushona suti za nusu ya maharusi wa mji, na ambaye sasa akili yake ilikuwa ikifumuka uzi mmoja mmoja.

Wachapishaji walimpiga chenga. Mmoja alimwambia wazi, "Unachora vizuri, lakini nani atanunua huzuni?" Basi akafungua ukurasa wa michango mtandaoni. Anayetaka kitabu kitoke achangie chochote; lengo likifikiwa kabla ya muda kwisha kinachapwa, lisipofikiwa kila mtu anarudishiwa chake. Akaweka picha za cherehani, za mkasi, za Baba akitafuta sindano iliyo mdomoni mwake. Marafiki wakachangia kwa kumwonea haya, kisha ukurasa ukadorora.

Ndipo akaweka mchoro mwingine. Baba amesimama mbele ya kioo cha kabati, shati amelivaa nje ndani, vifungo vimepishana, suruali imelowa mbele, anajitazama kama mtu anayesubiri mgeni ajitambulishe. Penseli alisita, kidole kikielea juu ya simu. Kisha akabonyeza.

Picha ikasambaa kama moto kwenye nyasi kavu. Watu asiowajua waliandika kwamba wamelia ofisini, wamewapigia wazazi wao. Michango ikamiminika mpaka lengo likabaki la kunyoosha mkono tu. Penseli alitembea nyumbani akiimba chinichini, jambo alilokuwa ameliacha tangu mama yake afariki.

Dada yake mkubwa, karani wa benki, aliiona picha hiyo kwenye simu ya mwenzake wakati wa chai. Mwenzake hakujua ni nani. "Maskini, tazama huyu mzee," alisema, akampa simu.

Jumamosi Dada alifika bila kubisha hodi. Matunda aliyozoea kuleta hakuleta.

"Ulimwomba ruhusa?"

"Nani?"

"Mwenye suruali."

"Dada, mimi ndiye ninayeishi naye. Hiyo suruali naifua mimi. Wewe unakuja mara moja kwa wiki, unakaa kidogo, unaangalia saa."

"Basi fua, mdogo wangu. Nani alikutuma kuianika barabarani?"

"Watu wameguswa! Soma wanachoandika."

"Wamemwona baba yetu amejikojolea. Mtu ambaye hakutoka hata kutupa taka bila kupiga pasi shati." Dada alitua mkoba mezani. "Mimi nilirudisha simu ya watu nikasema, ndiyo, maskini. Nikamkana babangu mezani, kwa sababu yako."

Penseli alikuwa na jibu, tena kali, lakini Baba alitokea mlangoni akiburuza kandambili. Aliwatazama wote wawili kwa adabu, kama wateja waliowahi dukani.

"Haya," alisema Penseli, nusu kwa hasira. "Tumuulize mwenyewe." Akamletea picha halisi, karatasi kubwa, akamwekea mapajani.

Baba alivaa miwani. Aliikagua kuanzia mabegani kushuka chini, kama alivyokagua kazi za wanafunzi wake zamani, akaguna.

"Nani kamvalisha mzee wa watu hivi? Mishono yote nje. Vifungo hivi, angalia." Akapitisha kidole juu ya karatasi, akijaribu kuvifungua. "Huyu hana watoto?"

Baba hakuuliza kwa kutania. Alisubiri, miwani imemshuka puani.

"Anao," alisema Penseli mwishowe. "Wawili."

"Wako wapi?"

Dada aliingia jikoni akafungua bomba, maji yakamwagika bure kwenye sinki. Penseli alibaki amepiga magoti mbele ya baba yake, karatasi kati yao, akashindwa kusema "hapa."

Jioni ile aliiondoa picha ukurasani. Akawaandikia wachangiaji kwamba haitakuwemo kitabuni, maana mwenyewe hakuikubali. Wapo waliomwombea heri. Wengi zaidi walitaka chao. Mmoja alimwita tapeli, mwingine akasema amewaonjesha kisha akawanyang'anya sahani. Muda ulipokwisha lengo lilikuwa limeshakimbia mbali, fedha zikarudi kwa wenyewe, na Penseli akarudi kwa tembo wake wa herufi T.

Hakuacha kumchora Baba. Sasa humuuliza kwanza. Siku nyingine Baba hukubali, akajinyoosha kola. Siku nyingine hukataa kwa kichwa, naye bintiye huweka penseli chini, hata kama mwanga ni mzuri kupita kiasi.

Miezi ikapita. Kisha Jumamosi moja, Baba akiwa amelala, Dada aliomba kuona picha zilizobaki. Alizipitia haraka haraka, kama anayehesabu noti. Kwenye moja akasimama: mikono ya Baba peke yake, ikilainisha kitambaa mezani.

"Hii naichukua."

"Chukua."

"Hizo nyingine sijui. Usiniulize." Akaikunja ile karatasi taratibu, akaitia mkobani, akaenda kukaa kwenye kiti karibu na kitanda cha Baba, na safari hii hakuangalia saa.