Ndoo ya Jumanne

Kila mwaka, mwezi wa saba, bahari yetu hupoa, na ikipoa samaki waitwao dagaa papa huja kwa wingi. Mwaka huu mwezi wa nane ulishaingia, na mzee Egya Ebo, anayepima joto la maji kila asubuhi, bado aliandika ubaoni nyuzi ishirini na saba. Maji ya kuogeshea mtoto!

Jumatatu mume wangu Kow akasema basi.

"Keshokutwa alfajiri mimi na wenzangu tunahamia Abidjan kuvua, Esi. Maji yangepoa, nisingetoka."

"Mara ile ulisema miezi mitatu, ukakaa miaka sita!" Nilishika tumbo langu. "Ukirudi huyu atakuita mjomba."

Kwa mila yetu, Jumanne bahari hupumzika. Mvuvi hatii mguu majini, wala hakuna anayechota hata kikombe. Nilikuwa napita ufukweni, wimbi likanifikia miguuni. Baridi, baridi mpaka kwenye mfupa! Nilipiga kelele peke yangu, kisha nikakimbia kwa Egya Ebo.

"Egya, njoo upime! Yamepoa!"

"Leo Jumanne, binti yangu. Hata kipimajoto kinalala. Kesho saa mbili."

"Saa mbili Kow atakuwa ameshaondoka!"

"Si umwambie?"

Nikamwambia. Alikuwa na wenzake, wanashona nyavu.

"Wake zetu wote leo wanahisi baridi," mmoja akasema. "Wangu ameshavaa sweta."

"Njoo uguse mwenyewe, Kow!"

"Niguse maji Jumanne? Unataka tuzame?"

Wakacheka. Akili ikanitoka. Nilichukua ndoo, nikachota, nikaipitisha katikati ya soko mchana kweupe, nikaitua miguuni pake. Hakuna aliyecheka tena. Kow hakutia hata kidole.

Kabla jua halijazama mkuu wa wavuvi akahukumu: mtumbwi wa Kow usishushe wavu hapa mpaka Krismasi. Nilipiga magoti, nikalia, nikasema adhabu iwe yangu peke yangu.

"Ndoo ni ya nyumba ya nani?" akauliza, akaingia ndani.

Alfajiri walisukuma mtumbwi. Kow aliingia maji ya magoti, akasimama, mikono juu ya mbao, wenzake wakimwita. Ningekaa kimya usiku mmoja tu, miguu yake ingemwambia yenyewe, naye angebaki. Nilitamani ardhi inimeze.

Akanigeukia.

"Yamepoa kweli, Esi," alisema, akapanda.