Alama ya Gumba kwenye Shaba

Bodi ya nne ya saketi ya king'ora nayo ilitoka na alama ya gumba. Pantelis aliinua kibao cha shaba kutoka kwenye maji ya magadi, akakigeuza chini ya balbu ya manjano. Pale pale tena, kwenye mstari wa kupeleka umeme kwenye king'ora, utando wa kukinga shaba isiliwe na tindikali ulikuwa umebabuka kwa umbo la gumba la mtu mzima.

Shaba ikiguswa na kidole, mafuta ya ngozi hubaki na utando haushiki. Alilijua hilo. Ndiyo maana alikuwa ameisugua shaba kwa spiriti, akavaa glavu, akaupiga utando pasi polepole asiache hewa chini yake. Nyumba yake ilichimbwa ndani ya mwamba, kama nyumba nyingi za Coober Pedy, mji wa machimbo huko Australia. Hata saa sita mchana jua haliingii kuuharibu utando huo usiopenda mwanga. Na hakuna mtu aliyeingia. Mtu aliye hai, maana yake.

Ljubo, mshirika wake wa kuchimba mawe ya thamani ya opali, ndiye aliyekuwa na tabia ya kugusagusa kila kitu. Alikufa mwezi Machi. Ndoo iliyokuwa ikimpandisha ilipitiliza mpaka kwenye winchi, mashine ya kuvuta kamba, king'ora cha kuonya ndoo ikifika juu hakikulia, kamba ikakatika. Mji mzima ulilaumu kamba. King'ora kile alikitengeneza Pantelis, na sasa binti wa Ljubo alitaka kingine, kwa sababu kesho yake alikuwa anashuka kwenye shimo la baba yake.

Jagoda, binti huyo, aliingia bila kubisha, na sahani ya burek, mkate wa nyama wa kwao, mkononi.

"Anko, bado tu? Ungekuwa kuku umelalia mayai, saa hizi vifaranga wana manyoya."

"Baba yako hataki, mwanangu." Pantelis akampa kibao. "Tazama. Mara nne ananiwekea gumba lake."

Jagoda akakisogeza kibao kwenye taa, akakitazama sana. Kisha akamshika Pantelis mkono wa kulia, akamvua glavu. Kovu la msumeno lilikata gumba lake katikati. Kwenye shaba, kovu lile lile.

"Hili ni lako, Anko."

"Nilivaa glavu! Umenivua mwenyewe sasa hivi!"

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mara nne alikuwa ameiona alama ile, wala hakuthubutu kuilinganisha na mkono wake. Akaketi.

"Bodi ya king'ora cha baba yako nayo ilikuwa na alama," alisema. "Hapa hapa. Mstari ulibaki mwembamba kama uzi. Nikauona, Jagoda. Nikasema itatosha."

Jagoda akakilaza kibao mezani. Hakulia.

"Tengeneza nyingine," alisema mwishowe. "Mimi nakaa hapa hapa. Kesho unashuka wewe, winchi nashika mimi."

Ya tano ilitoka safi. Pantelis alipitia mstari mmoja mmoja kwa kioo cha kukuzia, akitafuta doa, akiomba alione ili kesho asishuke. Hakuliona.