Chaguo la Emerensiana

Kitendawili! Umeitikia "tega"? Haya, sikia: kadiri ninavyomlisha, ndivyo anavyokwenda mbali nami. Unasema moto? Moto ukiulisha unakufuata hadi kwenye nguo. Umeshindwa, nipe mji. Nimeichukua Sumbawanga yote pamoja na baridi yake, sasa nikuambie: ni mtoto unayemsomesha.

Wangu alikuwa Emerensiana, wa mwisho. Baba yake alikuwa amefariki, dada zake wameolewa Matai, na serikali ilikuwa imetuhamishia kijiji cha ujamaa karibu na Mpui, nyumba zimepangwa kama watoto wa shule mstarini. Majirani tele, ila wa kukaa naye kimya bila kuona haya sikuwa naye. Jioni nilisonga ugali wa ulezi wa watu wawili kwa mazoea, nikala nusu.

Likizo ya Pasaka mwaka wa sabini na sita akaja, yuko kidato cha nne. Akirudi tu shuleni, mwalimu mkuu alitaka kila msichana ataje chaguo lake: kidato cha tano na masomo gani, au chuo, na chuo kipi.

Tukaenda kupiga matuta. Matuta yetu Wafipa, intumba, ni ya mviringo, na nyumbani kwetu hayakupigwa na mtu mmoja. Mmoja anakata mabonge ya udongo na majani yake, mwenzake anayapanga, majani yakiangalia ndani yaoze humo. Tangu nifiwe nilikuwa nakata, naweka jembe chini, nazunguka kupanga mwenyewe.

"Mimi nimeshachagua," akasema huku anapanga. "Chuo cha kilimo. Nitakuwa bibi shamba wa hapahapa Mpui. Nalala nyumbani, matuta tunapiga wote."

Moyo uliruka, sikufichi. Nikauona ule ugali wa watu wawili ukiisha.

Bwana shamba wetu, Leonardi, Mhaya mrefu, alikuwa akipita kukagua shamba la kijiji. Emerensiana akamwamkia, akamweleza. Yule bwana akacheka hadi akaiegemea baiskeli yake.

"Marahaba, binti, lakini nani kakudanganya? Mimi kwetu Bukoba. Migomba ya mama yangu inaliwa na wadudu, na mimi niko huku nawafundisha nyinyi mahindi! Serikali haikupangi kwenu. Utapelekwa Mtwara, ukawafundishe watu korosho."

"Hata nikiomba?"

"Mimi niliomba. Si unaniona?" Akacheka tena, safari hii kidogo tu, akapanda baiskeli akaenda.

Tukabaki wawili na upepo. Hospitali ya misheni ilikuwa karibu, nayo iliajiri watu wake yenyewe bila kungoja serikali. Ningeweza kumwambia, basi kasomee uuguzi, labda Mungu atasaidia. Neno lilifika kwenye meno. Nikalimeza.

"Eme, kama mimi nisingekuwepo, ungechagua nini?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimeuliza."

Akaendelea kupanga, majani akayageuza nje, nikayaona, nikayaacha hivyohivyo. Usiku tukala. Lile tonge la mwisho kila mmoja alimwachia mwenzake, likapoa. Ikawa hivyo likizo yote. Anachota maji, anapepeta ulezi, ananikuna mgongo nikimwomba, lakini jibu hakuna. Mtoto yumo ndani na nyumba imekwisha kuwa tupu.

Siku ya kuondoka, lori la Bashiri lilikuwa limeleta chumvi na sabuni kwenye duka la kijiji, likawa linarudi mjini. Nikampa karanga zake. Akapanda juu, akakaa kwenye magunia matupu, akaangalia barabara.

"Mama mkwe, agana basi, gari linakunywa mafuta!" Bashiri akanitania kutoka dirishani.

"Kwaheri, mwanangu," nikasema.

Lori likaunguruma. Emerensiana akapiga bodi kwa kiganja, akaruka chini, Bashiri akilalamika, akaja akanishika mikono yote miwili.

"Fizikia, mama," akasema. "Kidato cha tano, Fizikia na Hesabu. Na shule yenyewe ni mbali."