Maoni Kuhusu Mchukuzi

Kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi, msoma maoni alifuta kioo cha kompyuta yake kwa mkono wa sweta, akaweka kikombe cha chai kushoto, mbali na nyaya, akaanza kusoma yaliyoandikwa na watu asiowajua. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na gemu moja tu, *Wanne Shimoni*. Wachezaji wanne, kila mmoja kwao, waliingia pamoja kwenye mapango yenye mifupa inayotembea, popo wakubwa, na milango isiyofunguka mpaka wote wanne wasukume kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa watu wanne kukubaliana jambo kwa wakati mmoja ni kazi, walicheka sana. Yeye aliyagawa maoni yao katika vikapu vitatu: Sifa, Malalamiko na Upuuzi. Sifa zilikwenda kwa watangazaji, malalamiko kwa mafundi, na upuuzi ulifutwa na mashine kila Ijumaa saa kumi jioni.

Sifa nyingi zilimhusu Mchukuzi. Huyu alikuwa kiumbe kifupi chenye kofia, aliyebeba mizigo ya wachezaji wote wanne, akatembea nyuma yao akilalamika, na kutumbukia katika kila shimo lililokuwepo. "Mchukuzi akianguka nacheka mpaka mbavu zinauma," aliandika mmoja. Mwingine aliandika: "Huyo mama mmemtoa wapi? Analalamika kama shangazi yangu. Nyota tano."

Walimtoa nyumbani kwa msoma maoni. Alikuwa mama yake mzazi.

Mama alikuwa fundi wa magodoro. Alishona kwa sindano ndefu kuliko kiganja, na siku nzima mdomo haukulala. Alilalamikia sindano, pamba, jua, kukosekana kwa jua, na watu wazito wanaolala upande mmoja. Haikuwa hasira. Wengine hupumua tu, yeye alipumua kwa maneno. Kampuni ilipotafuta sauti ya Mchukuzi, binti alikwenda kwake moja kwa moja.

"Mama, njoo siku moja tu. Ni kulalamika, basi."

"Kumbe kulalamika nako ni kazi? Basi miaka yote hii nimefanya kazi mbili, na hakuna aliyeniambia hata pole."

Alikwenda. Walimwingiza mama wa watu kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba aliyebandika hiyo sponji hajui kazi. Alisema "Uwii" mara arobaini. Alisema "Jamani" na "Mizigo yenu hii itaniua." Kisha akapewa karatasi ya kutia sahihi. Miwani ilikuwa nyumbani, na binti alitakiwa kurudi mezani kwake baada ya dakika kumi. "Mama, fanya haraka, ni karatasi ya kawaida tu," alisema, na mama akatia sahihi. Karatasi ilisema kwamba kuanzia siku hiyo sauti ni mali ya kampuni. Haikusema kama ni nakala au ni yenyewe.

Siku gemu ilipoanza kuuzwa, mama aliamka, akajichoma sindano kidoleni, akafungua mdomo, na halikutoka neno.

Baba, mpeleka barua mstaafu, alichukua siku nne kugundua. Alidhani amenuniwa. Siku ya kwanza aliomba radhi kwa kusahau kununua uzi. Siku ya pili kwa maneno aliyosema kuhusu dada wa mke wake. Siku ya tatu aliomba radhi kwa jambo la zamani ambalo mama alikuwa halijui kabisa, na hapo akajitia mwenyewe matatani. Siku ya nne walikwenda kwa daktari. Daktari alimulika koo kwa tochi, akasema koo ni zima, safi, ila sauti haimo, imetoka. Aliwahi kuona hivyo kwa walimu. Akawaambia wasubiri, na mama asinywe vitu baridi.

Huko kazini, msoma maoni aliendelea kugawa. "Mchukuzi ameniambia nikaepue sufuria, maharage yanaungua. Sina maharage. Nyota nne." Upuuzi. "Mchukuzi anauliza nani kaacha dirisha wazi. Tuko pangoni, dirisha liko wapi?" Upuuzi. "Kaniita mwanangu." Upuuzi. Aliyatupa kwa wiki tatu, haraka haraka, maana yalikuwa mengi na chai ilikuwa inapoa.

Kisha, asubuhi moja, alisoma hivi: "Mchukuzi kasema, mwambie huyo baba yako kwamba soksi si pambo la kiti. Tumecheka wote wanne. Nyota tano."

Aliweka kikombe chini. Asubuhi hiyohiyo, nyumbani, soksi za baba zilikuwa zimening'inia kwenye kiti, na mama alikuwa amesimama mbele ya kiti, mkono kiunoni, midomo ikicheza bila sauti. Alifungua kikapu cha Upuuzi. Ilikuwa Jumatatu, kikapu kilikuwa kitupu. Mashine ilikuwa imepita Ijumaa tatu. Wiki tatu za maneno ya mama yake zilikuwa zimefutwa, na aliyezitupa alikuwa yeye, mwenye masikio mawili na cheti cha mfanyakazi bora ukutani. Alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akapanda ghorofa ya juu kwa msimamizi.

Msimamizi alimsikiliza vizuri. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha.

"Kwa hiyo sauti haijapotea," alisema. "Iko kazini."

"Tunaiomba irudi nyumbani, bosi."

Alitoa karatasi kwenye faili, akaisoma yote, akageuza na upande wa nyuma. "Hapa hakuna kurudi. Pole sana, dada. Lakini mwambie mama kwamba lile la soksi limependwa mno. Aongeze ya namna hiyo."

Nyumbani walizoea, kama watu wanavyozoea bomba linalotoa maji siku za Alhamisi tu. Kila saa kumi na mbili jioni, msoma maoni alirudi na karatasi, akaketi mezani, akasoma yale ambayo mama alikuwa amesema. Neno lake lilitoka kinywani likaenda kwa mchezaji yeyote, nyumba yoyote, nchi yoyote, na lilirudi tu kama huyo mchezaji aliona linafaa kuandikwa. Mengi hayakurudi. Yaliyorudi yalichelewa, na baba alizoea kuyajibu kwa kuchelewa.

"Kumbe ulisema chumvi imezidi," alisema siku moja. "Ile ya Jumanne? Ni kweli. Nakubali."

Mama alimtazama kwa jicho la kusema, ungekubali Jumanne tungekula vizuri.

Angeweza kuandika, ndiyo. Shule alikwenda. Lakini mama kwenye karatasi alikuwa mtu mwingine kabisa. "Mpendwa mume wangu, salamu," aliandika. "Naomba unisogezee kijiko. Ni mimi mke wako." Baba alikuwa amebeba barua za watu miaka thelathini na hakutaka kuanza kupelekewa za kwake mezani. Kalamu ikarudishwa kwenye mkebe.

Jumapili moja walijaribu kucheza wenyewe, ili wamsikie. Mjomba, fundi bomba, alikuja kuwa mtu wa nne. Walikaa kwenye godoro lisiloshonwa bado, wakaingia mapangoni, na mlango wa kwanza tu uliwashinda kwa nusu saa kwa sababu mjomba alisukuma kila mara kabla ya kuambiwa. Mama alicheka mpaka machozi. Kicheko chenyewe hakikusikika chumbani wala kwenye gemu. Mchukuzi wao alisema "Uwii" yake ya kurekodiwa, akatumbukia. Siku mbili baadaye mtu wa mbali aliandika: "Mchukuzi juzi alicheka bila sababu, kicheko kizuri, kama watu wako kwenye sherehe. Nimetamani ningekuwepo." Msoma maoni alikisoma kile kicheko mezani, na wote walikumbuka mlango na mjomba.

Lakini mtu hawezi kuongea miezi bila kujibiwa na akabaki vilevile. Maoni yalianza kubadilika. "Mchukuzi siku hizi anauliza kama kuna anayemsikia. Nimemjibu, hakunisikia. Nyota tatu." "Mchukuzi amekaa kimya katikati ya pango, kisha akasema amechoka. Mwanangu amenizimia gemu." Msoma maoni aliyaweka yote kwenye kikapu cha Sifa. Hapo alidanganya waziwazi, na hakujutia. Alijua mafundi wakiyaona watataka kurekebisha. Lakini nyota hazifichiki kikapuni. Msimamizi alizitazama zikishuka, akamwita juu.

"Watu wananunua gemu wacheke," alisema. "Kuanzia Jumatatu saa sita mchana, mafundi wanafunga. Mchukuzi atasema vile vitu vitatu tu alivyorekodi. Uwii, Jamani, na ile ya mizigo."

"Na mengine atakayosema yataenda wapi?"

Msimamizi alifikiri kwa dhati. "Hilo sijawauliza mafundi," alisema.

Binti alimweleza mama Jumamosi, akiwa amesimama mlangoni na mkoba bado begani. Mama alitikisa kichwa polepole, akaendelea kushona mpaka mwisho wa mstari, maana hakuwa mtu wa kuacha mstari katikati.

Jumapili alasiri, mama aliweka sindano chini. Aliweka birika jikoni, akarudi, akamketisha binti yake mbele yake juu ya godoro, akamshika mikono yote miwili. Kisha akaongea. Aliongea tangu birika lilipowekwa mpaka lilipochemka na kuanza kurusha kifuniko, na hakuna aliyeinuka kuliepua. Binti alitazama midomo. Aliona "mwanangu" mara mbili. Aliona kitu kilichoweza kuwa "haraka", au "baraka". Alimwona mama akitabasamu mahali fulani katikati, na mwishoni akifuta macho kwa upande wa kanga aliyojifunga kiunoni. Mama alipomaliza, alimpigapiga mashavuni kama anavyopigwapigwa mtoto aliyemaliza dawa, akaenda kuepua birika.

Jumatatu msoma maoni alifika kazini kabla ya mfagiaji. Alisoma mpaka macho yakauma, na hakukuwa na kitu. Saa sita mchana mafundi walifunga. Jumanne, hakuna. Aliapa moyoni kwamba safari hii hatatupa hata neno, hata nukta. Jumatano, karibu na chakula cha mchana, alikuta maoni ya mtu aliyejiita Kifuniko.

"Jumapili tulikuwa wanne mbele ya mlango wa tatu," aliandika Kifuniko. "Mchukuzi alitua mizigo yetu chini, kitu ambacho sijawahi kukiona akifanya, akaanza kuongea. Ilikuwa mama anamwambia mwanawe jambo. Hakulalamika hata kidogo. Tuliacha kucheza, tukasikiliza mpaka mwisho, na mwenzetu mmoja akaondoka kwenda kumpigia simu mama yake. Sitaandika alichosema, kwa sababu hakikuwa chetu. Natumaini mwenyewe amekipata. Nyota moja. Sikununua gemu hii ili nilie."

Alisoma mara nyingi. Alimtafuta Kifuniko, Kifuniko alikuwa amerudisha gemu na kufuta jina lake. Hao wenzake watatu hawakutajwa. Mashine, kama kawaida, ilimpa majibu matatu ya kuchagua, na haikuruhusu kuongeza la kwake. La kwanza liliomba radhi kwa usumbufu. La tatu lilishukuru kwa nyota tano. Alibonyeza la pili: "Asante. Maoni yako yametufikia." Jibu halikuwa na pa kufika, lakini alibonyeza.

Kuhusu kikapu, alikaa na maoni ya Kifuniko mpaka Ijumaa. Saa kumi kasoro dakika tano aliyaweka kwenye Malalamiko, akaandika chini yake kwa maneno yake mwenyewe, herufi kubwa, kwamba huyu mtu analalamika kwa haki na mimi pia nalalamika. Mafundi waliyarudisha baada ya dakika mbili. Walikuwa wameandika: "Tatizo hili limeshatatuliwa Jumatatu."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa chini, mguu mmoja umekunjwa, akishona pembe ya godoro. Aliinua uso na nyusi, akangoja.

Njiani kote binti alikuwa amefikiria kumpa kalamu. Lakini mama alikuwa amelisema lile jambo mara moja, kwa uso wake wote, na kwenye karatasi lingeanza na mpendwa binti, salamu. Tena, kumwomba arudie kungekuwa kumwambia kwamba watu wanne wasiomjua wanalo, na mwenye nalo hana. Aliumia, akakaa kwenye godoro karibu naye.

"Yamefika, Mama," alisema.

Midomo ya mama iliunda neno moja. *Yote?*

"Yote."

Mama alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na uso ukawa mwepesi kuliko ulivyowahi kuwa tangu sauti iondoke. Baba aliinua kichwa kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza.

"Kasema nini?"

"Ni yetu wawili, Baba."

"Haya," alisema baba, akaenda kuondoa soksi zake kwenye kiti.

Mama alirudi kwenye pembe ya godoro, akapitisha sindano vibaya, ikamchoma kidole. Alifungua mdomo. Aliongea maneno mengi, ya sindano, ya pamba, na ya mwanga hafifu wa jioni hiyo. Kwenye nyumba fulani, watu wanne walikuwa wamesimama mbele ya mlango, Mchukuzi akasema "Uwii", akatumbukia, nao wakacheka mpaka wakashindwa kusukuma.

"Mchukuzi amerudi kuwa yule wetu wa zamani," aliandika mmoja wao. "Nyota tano." Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, msoma maoni aliyaweka kwenye kikapu cha Sifa.