Kitabu Kilichofungwa Gazeti

Chumba cha nyuma cha maktaba kilikuwa na kanuni moja kila Jumamosi mchana: jalada lisionekane. Mkutubi, mama mtu mzima mwenye jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine kichwani, na bado siku nzima akiulizia miwani yake, alivifunga vitabu vyote kwa magazeti ya zamani na kuvipanga mezani. Vilikuwa vitabu vya watu waliojichapishia wenyewe, wanaouza mkononi kutoka kwenye mfuko wa plastiki, ambao maduka makubwa hayawajui. Vya mapenzi, vya upelelezi, vya mizimu, vya mashairi, hata kimoja cha kufuga nyuki. Vikishafungwa gazeti, vyote sura moja. Unaokota chako, unasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, wenzako wananyoosha mikono. Chenye mikono mingi ndicho kinachosomwa mwezi huo, na aliyekisoma ndiye anayekivua gazeti na kutaja jina la mwandishi, watu wakapiga makofi.

"Hapa tunaonja mchuzi kabla ya kumwona mpishi," alipenda kusema Mkutubi.

Fundi cherehani alijiunga na kikundi kile kwa ajili ya marehemu mdogo wake. Mdogo wake alikuwa mlinzi wa ghala, na watu wote walimwita Kipenga kwa sababu ya kipenga alichokivaa shingoni hata siku za mapumziko. Yeye na dada yake, Fundi, walikuwa chanda na pete. Kila asubuhi akitoka zamu alipitia kwa dada yake, akakaa juu ya gunia la vitambaa, akafungua daftari na kumsomea alichoandika getini. Fundi alikanyaga cherehani akisikiliza. Pakifika penye utamu mguu ulisimama wenyewe, na Kipenga akacheka: "Kanyaga, dada! Wateja watatembea uchi."

Kipenga aliugua siku nne tu. Matanga yalipokwisha, rafiki yake wa tangu utotoni, Mchapaji, mwenye duka la kuchapa na kurudufu mtaa wa pili, alimjia Fundi akiwa bado na macho mekundu. Huyu ndiye aliyeshika jembe makaburini mpaka viganja vikachubuka. Akasema, "Dada, nipe yale madaftari. Nitayachapa mimi, kitabu kitoke na jina lake. Kipenga hawezi kuondoka hivihivi." Fundi alimpa yote tisa, akiwa ameyafunga kwa utepe wa kitambaa cha buluu. Miezi mitatu baadaye Mchapaji alirudi na daftari moja lililovimba kama mkate uliolowa. Bomba lilipasuka dukani, alisema. Hilo ndilo lililobaki, mengine yalikuwa uji mtupu. Alilia kuliko mwenye msiba, hata Fundi ndiye akawa wa kumbembeleza.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita.

Jumamosi hii Fundi hakutarajiwa. Alikuwa ameaga kwamba hatakuja mpaka amalize sare za shule, lakini mwenye sare alipunguza oda, naye akamaliza mapema. Alipoingia, Mchapaji, naye mwanakikundi, aliinuka kitini.

"Dada! Si ulisema mpaka mwezi ujao?"

"Kwani nimekukalia kiti chako?"

"La, la, karibu. Nimeshangaa tu."

"Mshangao gani huo wa kutoka jasho?" alisema Muuguzi, mwanamke mpenda hadithi za mapenzi, ambaye ulimi wake ulichoma kuliko sindano zake. "Au anakudai pesa ya suruali?"

Walicheka, wakaanza. Muuguzi aliokota kitabu cha mizimu, akakisoma kwa sauti nzito mpaka Mkutubi akamwambia mizimu nayo ina haki ya kuheshimiwa. Kilipata mikono mitatu. Mzee Kinyozi aliangukia kile cha nyuki, akakatazwa kuendelea baada ya aya moja. Kisha ikawa zamu ya Fundi. Aliokota kilichokuwa karibu, kimefungwa ukurasa wa matangazo ya vifo. Akakifungua.

"Mwanamke yule hakumwuliza mtu swali," alisoma. "Aliangalia pindo la nguo, na pindo likasema."

Sentensi mbili hizo alizisoma kwa macho. Ya tatu ulimi uliyatangulia macho.

"'Dada,' alisema askari, 'umejuaje kwamba mwizi ni wa mkono wa kushoto?' Dada akachomoa sindano kwenye kola ya gauni lake..."

Akasita. Kitabuni hapakuandikwa Dada. Paliandikwa Shangazi, hapo na kila mahali. Lakini sindano ilikuwepo. Fundi alipeleka mkono kwenye kola yake mwenyewe na kuigusa sindano aliyoichomeka asubuhi, kama alivyoichomeka kila siku ya maisha yake.

"Endelea bwana, unatukatia utamu!" alisema Muuguzi.

Aliendelea mpaka mwisho wa ukurasa. Hakujua sauti ilitoka wapi. Mikono ikainuka kama shule ya msingi, yote isipokuwa mmoja.

"Mchapaji, wivu huo!" alisema Muuguzi. "Mtu kaandika hadithi yake nzuri, wewe umekumbatia mkono kama umevunjika."

"Haya Fundi," alisema Mkutubi, "vua gazeti, tumjue mpishi."

Fundi alilivua taratibu, kama mtu anayefumua mshono asitake kuchana kitambaa. Palikuwa na picha ya cherehani, na chini yake jina. Alilisoma mara mbili kimoyomoyo. Akafungua ndani. Katika ukurasa usio na namba paliandikwa: Kwa marehemu Kipenga, rafiki aliyenitia moyo nilipokuwa nikiandika hadithi hizi.

"Nani?" aliuliza Mzee Kinyozi. "Mbona hutaji?"

"Kimeandikwa na Kipenga," alisema Fundi. "Mdogo wangu."

Makofi yalianza, yakafa njiani. Mkutubi alishusha miwani ya kichwani, akakipokea kitabu na kulitazama jalada. Kisha akamtazama Mchapaji, ambaye alikuwa anatazama mlango.

"Lakini hapa pameandikwa Mchapaji..."

"Naona palivyoandikwa. Fungua ukurasa wa pili, Mama. Shika kidole chako hapo."

Fundi akaweka mikono mapajani, akaanza. Hakuharakisha. Alisimulia kama alivyosikia asubuhi zile juu ya sauti ya cherehani: askari alivyolegeza mkanda, mwenye duka alivyoapa kwa kaburi la mamake ambaye bado yuko hai, uzi mwekundu uliokutwa kwenye bawaba. Kidole cha Mkutubi kilitembea juu ya mistari. Kilipofika mwisho wa ukurasa wa tatu kiligeuza, kikaendelea, na Fundi hakukipoteza hata mara moja, ila tu penye Shangazi yeye alisema Dada.

"Inatosha, mwanangu," alisema Mkutubi.

Mzee Kinyozi alikohoa. "Haya ni mambo ya nyumbani. Yazungumzwe pembeni, watu wasiadhiriane."

"Pembeni ndiko yalikotoka, Mzee," alijibu Fundi.

Mchapaji aliongea hatimaye, akikitazama kiatu chake. "Dada, mimi ndiye niliyeyachapa usiku na mchana. Nikanyoosha sentensi. Kipenga hakuwa anajua nukta. Nikaona... marehemu hasomi, dada. Na nilijua nitakuambia."

"Bomba lilipasuka?"

Mchapaji aliinama, akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

"Nakuuliza wewe uliyemfukia. Bomba lilipasuka au halikupasuka?"

"Halikupasuka."

"Yako wapi?"

Yalikuwa dukani. Alikwenda kuyachukua, na hakuna aliyeondoka mpaka aliporudi. Aliyaweka mezani kati ya vitabu vilivyofungwa magazeti. Utepe wa buluu ulikuwa uleule, na fundo lilikuwa la Fundi mwenyewe, halijafunguliwa, limesukumwa tu pembeni ili madaftari yachomolewe. Makavu yote. Fundi aliyahesabu kwa ncha ya kidole. Manane.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, naye hakulitaka. Kwake, kabatini, chini ya vitenge, kulikuwa na la tisa. Alilianika juani wiki nzima, jani kwa jani, akiweka vifungo juu ya karatasi zisipeperuke, na wino haukurudi. Lilikuwa daftari la mwisho la Kipenga. Lile peke yake hakuwahi kumsomea. "Hili nikilimaliza, dada," alisema wiki ile kabla ya homa, "utasimamisha cherehani siku nzima."

"Lile uliloniletea," alisema Fundi. "Kama bomba halikupasuka, lililowaje?"

Mchapaji alifuta uso kwa kiganja.

"Nililitia kwenye ndoo ya maji."

Muuguzi alisema neno dogo na kuziba mdomo.

"Ulilisoma kwanza?"

"Dada..."

"Sikuulizi kingine. Niambie tu kama ulilisoma. Kama unakumbuka hata ukurasa mmoja, nisimulie sasa hivi, na mengine yote nitakusamehe."

Mchapaji alimtazama kwa mara ya kwanza tangu gazeti livuliwe. Fundi aliona kwamba angetamani kudanganya, na kwamba hata uongo wa kumtosheleza hakuwa nao.

"Sikulisoma," alisema. "Nilichukua tu lililokuwa juu."

Fundi aliyavuta madaftari manane kifuani. Sindano ya kwenye kola ilimchoma kidogo, akaiacha ilivyo. Akasimama. Mkutubi alimfungulia mlango, naye akatoka nayo barabarani kwenye jua, akitembea polepole kama mtu aliyebeba maji.